Mzee Mtei hakuwa msaliti: barua kutoka Chekereni



Nianze na kisa. Juzi kati nilikuwa kijiweni napata kahawa na kashata, nimevaa kombati yangu kama kawaida. Pembeni alikaa mzee mmoja, mwana CCM wa tangu enzi za TANU, mtu wa magazeti na redio. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu, tukaanza siasa. Nikamwaga yote mnayoyajua: maji, barabara, ajira, tume huru. Akaniacha nimalize. Kisha akaweka kikombe chini, akaniuliza kwa upole:

"Sawa, mwanangu. Chama chenu kilianzishwa na nani? Si Edwin Mtei? Huyo si ndiye aliyetaka kuiuza nchi kwa IMF mwaka sabini na tisa, Mwalimu akamtimua?"

Kijiwe kizima kikacheka. Mimi nikabaki naangalia kashata yangu.

Nitasema ukweli, sikuwa na jibu. Nilijua Mtei ni mwasisi wa CHADEMA, basi. Alifanya kazi gani, aligombana na Mwalimu juu ya nini, na nani alikuwa sahihi, sikujua. Na najua siko peke yangu. Wengi wetu tukiulizwa swali la uchumi tunanyoosha vidole viwili juu na kuanza wimbo. Wimbo ni mzuri, lakini haujibu swali.

Kwa hiyo nikaenda kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa ajili ya kijana mwenzangu ambaye kesho ataulizwa swali lile lile kijiweni kwake.

Mchunga mbuzi wa Marangu

Edwin Isaac Mbiliewi Mtei alizaliwa mwaka 1932 Marangu, huko juu kwetu mlimani, kwenye migomba na kahawa. Utotoni alichunga mbuzi, na hata kitabu cha maisha yake, kilichotolewa na Mkuki na Nyota, kimebeba jina la safari hiyo ya kutoka kuchunga mbuzi hadi kuwa gavana. Akasoma, akafika Makerere, akarudi, na baada ya uhuru akapanda serikalini mpaka kuwa Katibu Mkuu wa Hazina.

Mwaka 1966 Mwalimu Nyerere alimkabidhi kazi ambayo hakuna Mtanzania aliyewahi kuifanya: kuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu. Benki ilifunguliwa rasmi tarehe 14 Juni 1966. Mtei alikuwa hajatimiza hata miaka 34. Vijana, someni tena hapo. Hajatimiza miaka 34, na amepewa fedha ya nchi nzima aisimamie.

Kabla ya hapo hatukuwa na fedha yetu. Kenya, Uganda na sisi tulitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya wakoloni. Bodi ile haikuwa benki kuu. Ilichofanya ni kubadilisha paundi za Uingereza kuwa shilingi na shilingi kuwa paundi. Sasa ikabidi tuanze upya: noti mpya, wafanyakazi wapya, sheria mpya, na kuwashawishi wananchi kwamba karatasi ile ina thamani sawa na ile ya zamani. Noti za kwanza za shilingi 5, 10, 20 na 100 zilikuwa na picha ya Mwalimu, na saini ya Gavana ilikuwa ya Mtei. Huyo ndiye tunayeambiwa alitaka kuiuza nchi.

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na benki za biashara zikataifishwa. Gavana hakukimbia. Alibaki kazini mpaka 1974, ndipo akapelekwa kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki pale Arusha. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na Mwalimu akamrudisha nyumbani kuwa Waziri wa Fedha. Kwa hiyo wakati wanagombana, huyu alikuwa mtu wa ndani kabisa, aliyekabidhiwa funguo za nchi kwa zaidi ya miaka kumi.

Mwaka 1979: hesabu zinagoma

Hebu tuangalie hali ilivyokuwa. Miaka ya 1976 na 1977 bei ya kahawa duniani ilipanda sana baada ya baridi kali kuunguza mashamba ya Brazil. Nchi ikapata fedha nyingi za kigeni. Mwaka 1978 serikali ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa nje, na akiba ile ikayeyuka haraka. Hapa tusidanganyane: Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Mtei huyo huyo, na washauri wa Benki ya Dunia na IMF walikuwa wakipigia debe ulegezaji huo. Kosa hilo lina wenyewe wengi, na Mtei ni mmoja wao. Tusimfanye malaika.

Mara Oktoba 1978 Idi Amin akavamia Kagera. Vita ilipiganwa, tukashinda, lakini gharama yake inakadiriwa kufika dola milioni 500. Mwaka 1979 mafuta yakapanda bei duniani. Bei ya kahawa nayo ilikuwa imeshashuka. Hazina ikabaki haina dola za kununulia mafuta, dawa wala vipuri.

Mtei akakaa na ujumbe wa IMF wakatengeneza mpango. Sharti moja kubwa lilikuwa kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu akakataa. Kwa maelezo ya Mtei mwenyewe, Mwalimu alikasirika sana. Ujumbe ukaondoka, na Mtei akaandika barua ya kujiuzulu. Mzee wangu wa kijiweni alisema alitimuliwa. Hapana, aliondoka mwenyewe.

Sasa swali lenyewe: kushusha thamani ya shilingi kunamhusu vipi mtu wa Chekereni? Wengi tunadhani ni maneno ya mabenki. Ngoja niwaeleze kwa lugha yetu ya huku.

Zamu ya maji na bei ya dola

Mradi wetu wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa mkopo wa Japani na kukamilika mwaka 1987, una ratiba ya maji. Karatasi inasema siku fulani maji yanakuja mfereji wenu. Lakini walipoona mpunga unalipa, wenzetu wa juu nao walianza kulima, wakachepusha maji ya mto Njoro na Rau kabla hayajatufikia. Ikawa ratiba inasema maji yapo, mfereji unasema hayapo. Huwezi kumwagilia jaruba kwa karatasi.

Bei ya dola mwaka 1979 ilikuwa hivyo hivyo. Serikali iliandika kwamba dola 1 ni kama shilingi 8. Lakini ukienda benki na shilingi zako 8, dola huipati, maana haipo. Anayeipata ni yule aliye juu ya mfereji: mwenye kibali, mwenye ndugu wizarani, mwenye kujua mlango wa nyuma. Wengine wanainunua kwa kuruka, kwa bei ya juu mno.

Na nani alilipia hiyo bei ya kwenye karatasi? Mkulima wa kahawa wa Marangu, Kibosho, Machame na Rombo. Chukua mfano wa hesabu tu. Tuseme kilo moja ya kahawa imeuzwa nje kwa dola 3. Dola zinaingia Benki Kuu, mkulima analipwa shilingi. Kwa bei ya shilingi 8, zile dola 3 ni shilingi 24, na hapo bado hawajakata gharama za mamlaka ya kahawa. Kama thamani halisi ya dola ni shilingi 16, alitakiwa kuhesabiwa 48. Nusu imeondoka, na hakuna aliyekuja shambani na gobole. Imeondoka kwa kalamu. Hiyo ni kodi, ila haina risiti.

Kumbuka pia kwamba vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, KNCU yetu ikiwemo. Kwa hiyo mkulima hakuwa hata na pa kulalamikia. Wengine wakaacha kupalilia kahawa, wengine wakaivusha kwa magendo kwenda Kenya. Halafu tukashangaa dola zinakwenda wapi.

Ndiyo maana nasema Mtei aliposema shilingi ishushwe, alikuwa anamtetea pia yule mama wa Marangu mwenye miti yake ya kahawa nyuma ya nyumba. Sijui kama aliliweka hivyo mbele ya Mwalimu. Lakini ndivyo hesabu inavyosema.

Mwalimu naye alikuwa na hoja

Tuwe wakweli, makamanda. Mwalimu hakuwa mjinga, na alipouliza kwa ukali tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima, alikuwa anauliza swali la haki. Ukishusha shilingi, mafuta, dawa na mbolea vinapanda bei siku hiyo hiyo. Lakini kahawa haiongezeki siku hiyo hiyo, maana mche wa kahawa unataka miaka mitatu hadi minne ndipo uzae. Katikati hapo maskini anakula nini? Na nchi iliyotoka kupigana vita kwa jasho lake yenyewe, kwa nini ipangiwe bajeti na watu wa Washington?

Hoja hizo ni nzito. Tatizo ni kilichofuata. Kukataa dawa si tiba kama huna dawa nyingine. Baada ya Mtei kuondoka, shilingi haikupona kwa sababu tumeiheshimu. Wazazi wetu wanakumbuka: foleni za sukari, sabuni ya kugawana, maduka ya kaya, kuvaa viraka. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya wahujumu uchumi, watu wakakamatwa kwa kuwa na bidhaa ndani. Ilikuwa ni kumlaumu muuza duka kwa ugonjwa wa Hazina.

Na mwisho wake? Mwaka 1986, Rais akiwa Mzee Mwinyi, tulisaini na IMF ile ile. Shilingi ikatoka 17 mwanzoni mwa mwaka na kufika 40 kwa dola, na kufikia 1990 ilikuwa karibu 200. Dawa ile ile aliyoisema Mtei mwaka 1979, ila sasa mgonjwa amezidiwa na dozi ni kubwa mara nyingi. Miaka saba tuliipoteza tukibishana na hesabu.

Na dawa hiyo, baada ya kuchelewa, ilikuja na machungu yake: kuchangia gharama hospitalini, ada shuleni, kupunguzwa kazini, ruzuku ya mbolea kuondolewa. Mimi simsafishi mtu kwa hayo. Hata deni la mradi wetu wa Moshi Chini lilihesabiwa kwa yeni, kwa hiyo kila shilingi iliposhuka, deni kwa shilingi lilipanda. Lakini upande wa pili, mpunga wa kwanza wa mradi ulikuta milango imeanza kufunguka. Zamani mnunuzi halali wa nafaka alikuwa NMC na vizuizi viko barabarani. Sasa mfanyabiashara aliweza kuja na gari lake mpaka Chekereni. Ndio maisha tunayoishi mpaka leo, na mazuri na mabaya yake.

Alichofanya baada ya kuondoka

Hapa ndipo heshima yangu kwake inapokua. Waziri akijiuzulu kwetu mara nyingi ni baada ya kashfa, tena kwa kusukumwa. Huyu aliacha gari, nyumba na ulinzi kwa sababu ya hoja. Alishindwa kuutetea mbele ya wananchi uamuzi ambao kichwa chake kilimwambia utawaumiza. Akaenda kulima kahawa Arusha. Hakuingia msituni, hakukimbilia nje kutukana nchi.

Mwaka 1982 akaenda IMF Washington, akiwa mkurugenzi mtendaji anayewakilisha kundi la nchi za Afrika, mpaka 1986. Aliporudi, serikali ile ile ya CCM ilimwita aongoze Tume ya Rais ya kuchunguza mapato, kodi na matumizi ya serikali, iliyotoa taarifa yake mwaka 1991. Kama alikuwa msaliti, mbona mlimwita awapangie kodi?

Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, yeye na wenzake wakaanzisha Chama cha Demokrasia na Maendeleo. Akawa mwenyekiti wa kwanza, na mwaka 1998 akaachia ngazi kwa Bob Makani, mtu wa Shinyanga, aliyewahi naye kuwa Naibu Gavana wa Benki Kuu. Najua kuna wanaosema hiki ni chama cha Wachaga, au cha mzee na mkwe wake Mbowe. Tusikwepe hoja hiyo, tuijibu kwa kazi. Lakini wasisahau kwamba wenyeviti wetu wawili wa kwanza walitoka Benki Kuu. Chama hiki kilizaliwa na watu wa hesabu.

Sasa sisi je?

Ndipo linapokuja jambo lenyewe nililotaka kusema. Tumerithi chama cha watu wa hesabu, nasi tumekigeuza cha watu wa mistari mikali. Tunajua kuimba "ufisadi" lakini hatujui kuonyesha ufisadi uko ukurasa gani wa kitabu cha bajeti.

Chukueni mfano wa mwaka 2013. Serikali iliruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru ili bei mijini ishuke. Mlaji wa mjini akapumua, lakini mpunga wa wakulima nchi nzima ukaanguka bei wakati watu wameshaingia gharama za mbolea, trekta na vibarua. Ilikuwa ile ile kodi isiyo na risiti iliyomkuta mkulima wa kahawa mwaka 1979. Na sisi vijana wa upinzani tulifanya nini? Tuliandika nini? Tulipeleka hesabu gani kwa wabunge wetu?

Na hapa kijijini, lumbesa. Gunia limejazwa mpaka limeota kichwa, linahesabiwa gunia moja. Kila mkulima analalamika, na sheria ya vipimo ipo. Je, kuna tawi letu lolote lililopima lumbesa kumi kwenye mzani, likaandika kilo zilizozidi, likazidisha kwa bei, likapeleka karatasi kwa diwani? Hiyo ndiyo siasa ambayo huwezi kuipiga mabomu ya machozi.

Napendekeza mambo matatu, na naanza na tawi langu.

Kwanza, kila tawi la vijana lipate kitabu cha bajeti ya halmashauri yake, wasome pamoja hata mara moja kwa mwezi. Asiyeelewa aulize, hakuna aibu. Mimi mwenyewe nimeanza, na kurasa nyingine nazirudia mara tatu.

Pili, tukipanda jukwaani tusiahidi kitu bila kusema fedha inatoka wapi. Ukisema mbolea bure, sema ni tani ngapi na nani analipa. Tukishindwa kujisemea ukweli tukiwa upinzani, hatutauweza tukiwa Ikulu. Yaliyotokea 1979 yanaweza kutokea chini ya chama chochote, hata chetu, kama hakuna wa kumwambia mkubwa kwamba mfereji umekauka.

Tatu, tujifunze kujiuzulu, na kumheshimu anayejiuzulu kwa hoja. Leo ndani ya vyama vyetu, mtu akitofautiana na mwenyekiti anaitwa msaliti siku hiyo hiyo, tena mitandaoni, tena na sisi. Tunamwita jina lile lile mwasisi wetu aliloitwa. Tufikirie hapo.

Wiki iliyopita nilirudi kijiweni. Mzee wangu alikuwepo. Nikamwagizia kahawa, nikamweleza yote haya, na shilingi 8 na shilingi 40. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Umesoma, mwanangu, nakupa hongera. Lakini hukuwepo. Mwaka ule tulikuwa na njaa, ila hatukumpigia mtu magoti. Hilo nalo lihesabu."

Nikamwambia, "Nimelihesabu, mzee. Ila na yule mama wa kahawa tumhesabu."

Akatikisa kichwa, sijui ni kukubali au kukataa, akaagiza kahawa nyingine. Safari hii alinilipia yeye.

Pamoja tutashinda, lakini twende na kikokotoo mkononi.

*Mwandishi ni mkulima wa mpunga na mwanachama wa baraza la vijana, Chekereni, Moshi Vijijini.*